Pijo Isisukumwe

Kitale,
4 Oktoba 2025

Kwa dada yangu Nasambu,

Mungu akigawa bahati mimi nilikuwa wa kwanza kwa foleni. Nikapewa yangu, nikazunguka nyuma, nikapanga foleni tena, na hakuna aliyenitambua. Ndiyo maana nakuandikia hii barua nikiwa kwa kiti ya kuzunguka, ndani ya ofisi, chai iko hapa na mandazi mbili. Dada, nina garage! Garage yangu mwenyewe, hapa Kitale, geti ya bluu, wafanyakazi saba. Mimi natembea tu katikati yao nikisema, "Hapana, hivyo sivyo." Wewe unanijua, nimeshika magari Mbale, nimeshika Juba, kuna mkubwa mmoja huko alikuwa hataki mkono mwingine uguse gari yake. Sasa bahati yote hiyo imekuja kukaa mahali pamoja.

Lakini salamu kwanza, usiseme pesa imenisahaulisha adabu. Mko aje hapo Tongaren? Mahindi mmeshavuna? Goti lako na ile baridi ya asubuhi wanaelewana? Mimi ni mzima, hata homa ikiniona inavuka barabara.

Sasa nikugombeze. Nimekupigia simu mara saba. Inaita mpaka inachoka. Kama ni hasira kwa sababu sikufika mazishi ya shemeji Wekoye mwaka jana, hiyo nitakueleza siku moja, nilikuwa na kazi ya wakubwa ambayo haikuwa ya kuacha. Basi nikakumbuka wewe ni mwalimu, na mwalimu hawezi kuacha karatasi bila kuijibu, hata kama ni kusahihisha tu. Nimempa Shafi, yule dereva wa lori la maziwa anayetoka kwenu kuja huku. Anasema anakujua.

Jibu basi.

Ni mimi ndugu yako,
Wangila


Tongaren,
9 Oktoba 2025

Mdogo wangu Wangila,

Barua yako Shafi ameileta. Ilikuwa imelowa kwenye kona mbili na inanuka sabuni ya unga, lakini inasomeka. Nafurahi kwamba uko hai na uko karibu. Mara ya mwisho nilisikia uko Juba. Goti linauma asubuhi na kuacha saa nne, kama mfanyakazi wa ofisi. Mahindi tumevuna, yako juu ya turubai.

Simu yako sikuikataa. Sisikii. Mwezi wa tatu niliugua homa ya uti wa mgongo, nikalala wodini wiki tano, nikatoka na kila kitu isipokuwa masikio. Siku hizi hata radi naiona tu. Watu huniandikia kwenye daftari au wananionyesha kwa mikono, na wengine hupiga kelele zaidi, wakidhani ni suala la bidii. Kwa hivyo umefanya vyema kuandika.

Sasa bahati yako imekuja wakati wake. Unaikumbuka pikapu ya Pijo ya Wekoye, ile Peugeot nyeupe aliyoinunua tulipohamia hapa kwenye skimu ya mashamba. Hiyo ndiyo aliyoniachia, nami ndiyo ninayobebea maziwa ya wanawake kumi na mmoja kila asubuhi mpaka kwenye kipozeo cha Naitiri. Tangu mwezi wa nane nikigeuza ufunguo haizunguki. Tukiisukuma inawaka bila shida na inaenda vizuri. Basi akina mama wanaisukuma kila siku na gumboots zao, na Job, ndugu ya marehemu, ameweka kiti nje ya nyumba yake ili ahesabu hatua.

Job amepeleka maneno kwa wazee wa ukoo. Amewaambia kwamba gari bovu na dereva kiziwi ni hatari mbili katika boma moja, kwamba mtu asiyesikia hawezi hata kujua kama injini imewaka. Anataka alichukue auze vyuma. Wazee wamekaa, wamekunywa chai yangu, wakaamua hivi: tarehe sita Desemba, siku tutakayosimamisha msalaba kwenye kaburi la Wekoye, niiwashe kwa ufunguo, peke yangu, mbele ya watu wote, nimchukue mama mkwe kanisani nimfikishe kaburini. Pijo isisukumwe na mkono wa mtu. Nikiweza ni yangu, na neno hilo halitarudiwa. Nikishindwa ni ya Job.

Ikienda, maziwa ya wanawake kumi na mmoja yatarudi kichwani, kilomita tisa, na yatafika yameganda. Na mimi nitatafuta kiti niketi nje ya nyumba kama Job.

Kutoka Kitale si mbali. Njoo Jumapili na spana zako.

Dada yako,
Nasambu


Kitale,
13 Oktoba 2025

Dada yangu Nasambu,

Nilisoma ile mahali ya masikio mara tatu. Halafu nikaenda nyuma ya garage nikasimama huko kidogo. Sasa nimerudi. Pole, dada. Pole sana. Na mimi nilikuwa nalaumu simu.

Habari ya hapa ni nzuri, kazi imejaa. Jumapili haitawezekana kabisa. Kuna Prado tatu za wakubwa hapa ndani, nikitoka tu hawa vijana wanafunga breki ya mbele nyuma. Lakini usiogope. Fundi wa kweli hahitaji kuona gari. Mimi nikiwa Juba nilitengeneza lori kwa simu, mwenyewe akiwa porini na simba wakimwangalia.

Swali la kwanza la fundi yeyote ni hili: ukigeuza ufunguo, inalia tik moja, au inalia tik-tik-tik, au inanyamaza? Nimeshaandika ndio nimekumbuka. Nisamehe. Sitafuta, nisije nikatoboa karatasi.

Basi tutumie macho na mikono. Fanya hivi.

Betri kwanza. Kwa vile vichwa viwili vya betri, ukiona unga mweupe au wa kijani, mwagia maji moto, sugua na msasa mpaka ing'are, halafu ukaze nati. Kaza kweli. Ikishindikana kwa mkono wako, mpe Judy jirani yako, nakumbuka mikono yake. Halafu peleka betri Naitiri ichajiwe siku mbili.

Ikirudi, egesha Pijo ikiangalia ukuta wa jikoni, jua likianza kuzama, uwashe taa kubwa. Uangalie ukuta. Sasa geuza ufunguo. Taa zikikaa na nguvu zao, umeme haufiki kwa stata, ile mota ya kuzungusha injini, hata kidogo. Zikififia polepole kama mtu anasinzia, betri imechoka. Zikizima mara moja, pu, halafu zirudi ukiachilia ufunguo, kuna mahali umeme unabanwa. Uniandikie ni gani kati ya hizo.

Na hii ni ya Job: kwa dashibodi kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri. Ufunguo ukiwa wazi inawaka. Injini ikishika inazima. Na usukani utaanza kutetemeka mkononi. Hapo uachilie ufunguo. Mwenye masikio anasikia injini, wewe utaiona. Tofauti iko wapi?

Hii orodha ameniandikia msichana wangu wa waya za umeme, Chepkemei, ambaye namfundisha kazi. Mkono wangu ulikuwa umechoka na kusaini makaratasi.

Nimekufungia msasa na brashi ya waya.

Ndugu yako,
Wangila


Tongaren,
27 Oktoba 2025

Mdogo wangu Wangila,

Natumaini Prado zimepona. Sisi hapa tuko salama, mvua imetuacha tukaushe mahindi. Shafi anakusalimu. Sijui ni nini kimempata, lori lake siku hizi ni safi mpaka kuku wanajitazama humo. Barua yako pia ilikuwa na maji. Mnaandikia mtoni?

Nimefanya kila ulichosema. Vichwa vya betri vilikuwa na unga kama maandazi ya sukari, nimesugua, sasa vinang'aa. Betri imekaa Naitiri siku mbili, na yule wa chaji ameniandikia kwenye daftari: "Mama betri yako iko fiti kunishinda." Nikaegesha kama ulivyosema. Taa zilijaa ukuta wote, nikaona hadi nyufa ambazo Wekoye aliahidi kuziba. Nikageuza ufunguo. Zikazima mara moja, zote. Nikaachilia, zikarudi.

Kwa hivyo jibu ni la tatu. Pu.

Najua ulisema macho na mikono, lakini Judy na mwenzake wa maziwa Nakhumicha walikuwa hapo na masikio yao, nikaona yasikae bure. Nikawauliza inalia aje. Judy ameandika tik. Nakhumicha ameandika tok. Nikawaambia wakubaliane. Mwalimu anajua watu wawili wanapobishana hata kama hasikii, maana shingo ndiyo husema. Nakhumicha anasema Judy hajui tik, amezoea ya saa. Judy anasema Nakhumicha anasikia tok kwa sababu kichwa chake ni bati tupu. Wameondoka bila kuagana, na kesho yake mmoja alisukuma upande wa kushoto na mwingine wa kulia, gari likaenda kwa mtaro.

Mwishowe nilimwambia Judy ageuze ufunguo, mimi nikaweka kiganja changu juu ya stata. Nilihisi kitu kimoja tu, kama mtu amegonga mlango mara moja halafu akaogopa. Basi. Andika hiyo.

Taa yako nyekundu nimeijua. Tulisukuma likawaka, nikaiona ikizima, na usukani ukatetemeka kama ulivyosema. Nilikaa hapo nikiitazama mpaka akina mama wakafikiri nimezidiwa. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa naendesha kwa kubahatisha, Wangila. Nilikuwa nawaangalia nyuso zao nijue kama imewaka. Asante.

Lakini njoo. Wiki sita si nyingi. Saa moja na nusu tu barabarani, na wewe ndiye mwenye garage, nani atakuuliza?

Dada yako,
Nasambu

Mwambie Chepkemei mwandiko wake ni mzuri kuliko wako.


Kitale,
31 Oktoba 2025

Dada yangu Nasambu,

Salamu nyingi, mimi mzima, Kitale nzima inajua. Hapa hakuna haja ya kuuliza mtu. Kugonga mara moja na kunyamaza, hiyo ni stata imekufa, inataka kuzikwa. Ningeijua hata nikiwa nimelala. Nimekutafutia nyingine, imetoka kwa Pijo ya mzee mmoja wa Kiminini aliyekuwa anaendesha kwenda kanisani tu. Iko kwa gunia, Shafi atakuteremshia. Mpe fundi yeyote wa hapo Naitiri aifunge, nati ni chache, hata fundi wa baiskeli ataweza.

Wiki hii siwezi kuja, tunapakwa rangi hapa, yaani garage.

Umwambie Job aanze kutafuta kiti kingine, hicho kitachoka.

Ndugu yako,
Wangila


Tongaren,
22 Novemba 2025

Wangila,

Salamu baadaye.

Stata yako ilifungwa juzi. Fundi alichelewa wiki mbili kwa sababu ana mahindi yake pia. Imegonga mlango mara moja na kuogopa, sawasawa na ile ya kwanza. Taa, pu. Halafu fundi akaichukua ile ya Wekoye uliyosema izikwe, akaiweka chini, akaiunganisha na betri moja kwa moja. Ilizunguka mpaka ikamruka mikononi. Haina ugonjwa wowote. Haijawahi kuwa nao.

Job alikuwa amesimama hapo. Aliomba daftari langu. Ameandika: "Shemeji, huyo ndugu yako wa garage anatengeneza magari au anayauza?" Nimelifunga daftari.

Zimebaki siku kumi na nne. Jana niliona Judy anapima ndoo kichwani kwake.

Nimekuomba mara mbili uje, na mara mbili umeniambia una kazi. Wekoye alipokufa pia ulikuwa na kazi. Sasa nakuuliza kama nilivyokuuliza ukiwa darasa la tano na daftari la mtu mwingine: kweli wewe umeshawahi kufungua stata?

Nijibu kwa dawa, au usinijibu.

Nasambu


Kitale,
25 Novemba 2025

Dada yangu,

Afya yangu si hoja leo. Natumaini wewe umelala vizuri, najua hukulala.

Ile ya stata ilikuwa ya kichwa yangu. Sikumuuliza mtu. Nilitaka iwe mimi tu ndiye nimejua. Umekaripia mahali panapostahili.

Sasa soma polepole. Hii nimeketi chini na Chepkemei asubuhi nzima, amenichorea mpaka nimeelewa. Tumechoreana, yaani. Anasema hivi: umeme unatoka kwa betri kupitia waya nyekundu, unafanya kazi yake, halafu lazima urudi kwa betri. Usiporudi, hautoki. Na kurudi kwake ni kwa mwili wa gari wenyewe, chuma, mpaka kwa waya nyeusi, mpaka nyumbani kwa betri. Taa zinataka umeme kidogo, unapita hata kwa tundu ya sindano. Stata inataka mwingi kwa mara moja, ikikosa njia inagonga mara moja na kunyamaza, na taa zote zinazima nayo. Na ndiyo sababu mkiisukuma inawaka, kwa sababu hapo stata hamjaihitaji. Sisi wote tumekuwa tukiangalia njia ya kwenda. Hakuna aliyeangalia njia ya kurudi.

Fanya hivi. Gea iwe fri, isishike popote, breki ya mkono juu. Uombe jampa, ile waya ya kuazima umeme, kwa yule wa chaji. Mdomo mmoja ushike kichwa cha betri kile cha alama ya kutoa. Mdomo wa pili ushike chuma cha injini yenyewe, mahali pasafi, mbali na feni. Halafu geuza ufunguo ukiangalia ile taa nyekundu. Ikizima, ugonjwa wako ni waya nyeusi, na mahali imefungwa kwa mwili.

Hapo fungua hiyo nati. Uangalie kuna nini chini yake. Kutu, mafuta, chochote. Usugue mpaka uone chuma cheupe, kiwe kama kijiko. Ndani ya hiki kifurushi kuna waya nyeusi mpya, nene, imefungwa vichwa pande zote mbili. Weka hiyo.

Na ufikirie, dada. Kabla ya mwezi wa nane kuna mtu alishika kitu hapo ndani ya boneti?

Niliulizwa nikuulize.

Ndugu yako,
Wangila


Tongaren,
8 Desemba 2025

Mdogo wangu Wangila,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa jina la kipozeo cha Naitiri. Uko mzima? Lazima uwe mzima, maana nina mengi na sitaki uyasome ukiwa kitandani.

Nianze na aibu yangu. Kifurushi chako kilifika, nikaweka jampa, nikageuza. Taa nyekundu ikazima siku ileile. Nikafuata waya nyeusi mpaka mahali ilipofungwa, nikafungua nati, nikainama kuangalia. Unajua nilikuta nini? Rangi ya kijani.

Wangila, ni mimi. Mwishoni mwa mwezi wa saba nilipaka rangi uzio wa kaburi la Wekoye, ikabaki nusu mkebe. Nikaona ndani ya boneti kuna kutu. Mimi siwezi kuona kutu nikalala. Nilifungua kila nati niliyoweza, nikapaka chini, nikaacha ikauke, nikafunga tena kwa unadhifu. Nikapaka na pale. Gari likawa zuri ndani kama darasa siku ya mkaguzi. Wiki mbili baadaye likakataa kuzunguka, na mimi nikalaumu betri, nikakulaumu wewe, nikamlaumu Job kimoyomoyo kwamba amelichezea. Miezi minne wanawake wanasukuma rangi ya kaburi. Judy nilipomwonyesha alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka Nakhumicha akaja kuuliza, na hapo ndipo wakasalimiana tena.

Nimesugua mpaka kikawa kijiko. Nimefunga waya yako.

Sasa Jumamosi. Watu walijaa kanisani mpaka nje. Ibada ikaisha, wakatoka wote wakasimama pande mbili za uwanja kama harusi, na Job mbele kabisa, amevaa koti la suti, amekuja na kamba ya kuvutia gari begani. Mama mkwe nikampandisha mbele, nikamfunga mkanda. Nikageuza ufunguo. Usukani ulitikisika, nikajua inazunguka, lakini taa nyekundu ikakataa kuzima. Nikaachilia. Niliona midomo ya watu imefungwa. Job akaishusha kamba begani.

Nikakaa nikafikiri kama mtu aliye peke yake, na kwa kweli nilikuwa peke yangu, sauti zao hazikunifikia. Nikakumbuka asubuhi ilikuwa na baridi na nilikuwa sijavuta choki, ile ya kuamshia injini baridi. Tulizoea kusukuma, nani alikumbuka choki! Nikaivuta. Nikageuza tena. Taa ikazima, na usukani ukaanza kutetemeka kwenye viganja vyangu kama kuku aliyeshikwa. Nikaachilia ufunguo palepale, sikuunguza chochote. Nilipoinua macho, wanawake kumi na mmoja walikuwa wameinua mikono juu na midomo wazi. Sikusikia vigelegele, lakini nilivihesabu.

Nilimfikisha mama mkwe kaburini. Msalaba umesimama. Wazee wakaniandikia kwenye daftari, mkubwa wao mwenyewe kwa mkono wake: "Gari ni la mama." Job ameipeleka kamba kwa ng'ombe. Baadaye alikuja akaomba lifti ya kwenda Naitiri. Nimempa. Amekaa nyuma na mikebe.

Kwa hivyo sasa hivi sina sababu ya kukungoja. Jumamosi hii, tarehe kumi na tatu, tukishapeleka maziwa, ninakuja Kitale mwenyewe na Pijo. Judy na Nakhumicha wanakuja, na mama mkwe amesema hatabaki. Nimetangaza kanisani kwamba gari limetengenezwa na ndugu yangu kwa barua, bila kuligusa, na mchungaji amesema watu wasimame wakupigie makofi, wakasimama. Tunataka kuona hiyo garage. Nitaingia na Pijo mpaka ndani ya geti ya bluu, nikuone ukitembea katikati ya wale saba ukiwaambia hivyo sivyo. Stata ya mzee wa Kiminini nitakurudishia. Tutamchinjia Chepkemei kuku.

Usiseme una kazi.

Dada yako anayekupenda,
Nasambu


Kitale,
11 Desemba 2025

Dada yangu Nasambu,

Shafi amesema anaondoka sasa hivi na ameniapia atakufikishia hii leo. Natumaini mko salama wote na mama mkwe. Mimi nina afya. Hiyo ni kweli.

Nilisoma ile ya taa nyekundu kuzima nikapiga kelele mpaka mteja akafikiri nimemwagia maji ndani ya gari yake. Nimewasomea watu wote hapa. Chepkemei amesema ile ya rangi ya kaburi hajawahi kuiona, na yeye ameona mengi. Ameniomba barua abaki nayo.

Jumamosi kujeni. Nakuomba mje. Lakini nisikilize kuhusu geti. Mkifika geti ya bluu, usiingie ndani na usimuulize mtu mkubwa wa hapa ni nani, kwa sababu wataenda kumwita, na atakayetoka si mimi. Atatoka Chepkemei. Kuku ni wake kwa haki. Kila dawa iliyofanya kazi ilikuwa yake. Ile ya stata ndiyo ilikuwa yangu.

Angalia mkono wa kushoto, nje ya geti, kuna bomba na mtaro, na mtu wa gumboots za manjano. Lori la Shafi nimelipangusa miezi miwili bure ili afunge mdomo, na amefunga, mwenye makosa ni mimi si yeye. Barua zangu nilikuwa naandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sabuni ni hiyo.

Na mazishi. Nilikuwa Kitale siku hiyo, dada. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa kwetu Kabuchai yote kwamba nina magari, nikafikiria kuteremka hapo kwa boda na viatu hivi, mbele ya jeneza la Wekoye, watu wakiniangalia mikono. Nikabaki. Hakukuwa na mkubwa yeyote wala kazi yoyote. Hiyo ndiyo inanikula, hata kuliko hii nyingine.

Ile siku nilikuwa nakunja waya nyeusi kwa karatasi, nilijua. Nilijua Pijo ikiwaka utakuja. Niliikunja, nikaikunjua, nikaenda nikaosha Noah mbili za wateja, nikarudi nikaikunja. Shafi ni shahidi.

Mkija nitaiosha Pijo mimi mwenyewe, ndani na nje, na hiyo kazi naijua. Boneti sitagusa. Mlete daftari, nataka kuandika mbele yako, si kwa mbali.

Nataka Judy na Nakhumicha wajue kabla hawajavaa nguo za safari, na mchungaji pia umwambie makofi ayarudishe.

Garage si yangu na haijawahi kuwa yangu. Naosha magari. Ile bahati niliyokuandikia mwezi wa kumi nilikudanganya.

Ndugu yako,
Wangila